Sina Nafasi

Miaka kumi na tisa niliipanga ratiba ya chuo kwa penseli,
kadi za manila ukutani, pini za rangi,
na raba iliyoyeyuka kila muhula kama kipande cha sabuni.
Walinijua kwa maneno mawili: sina nafasi.
Sina nafasi Jumatatu. Sina nafasi ya watu mia tatu.
Mke wangu alidhani nasema sina muda.
Nayo ilikuwa kweli.

Kisha akaja Apondi na kaunta ya kubofya kiganjani,
ile ya kuhesabia abiria kivukoni.
Mihula mitatu alisimama milangoni, akibofya.
Akanionyesha: Ukumbi Mkubwa, viti mia nne na ishirini,
Alhamisi saa nne, wanafunzi kumi na wanane
na mhadhiri anayevihutubia viti.
Ng'ambo ya ua, wauguzi wa mwaka wa kwanza
wananing'inia madirishani,
daftari juu ya mgongo wa mwenzio.
"Nafasi unayo, Bwana Makokha," akasema.
"Huna hesabu."

Nilinuna wiki nzima.

Tasnifu yake ilikuwa kurasa mia mbili kumi na nne.
Humo mna masharti magumu:
mtu mmoja hakai mahali pawili,
madarasa mawili hayalali chumba kimoja.
Na masharti laini, ambayo yakivunjwa
hakuna anayekufa, watu hununa tu.
Haya ya laini alinijia mimi.
Nikamtolea yaliyokuwa kichwani, hayajaandikwa popote:
Profesa Wabuyele asiguswe Jumanne asubuhi,
yuko kwenye mashine ya figo na hataki ijulikane.
Chumba cha saba kisipewe mtihani,
jirani ana kinu cha posho.
Ukumbi C usipangiwe kitu saa kumi alasiri,
paa ni bati tupu, na mvua ya Kisumu ina ratiba yake,
haijawahi kuja ofisini kwangu kuomba.

Akayaingiza yote.
Penye "sababu" akaniachia kibodi.
Nikachapa kwa kidole kimoja:
mvua.

Kuandika kitabu ni jambo moja, kukiuza kikiwa hai ni jingine.
Chuo kikadai theluthi.
Wakili akataka kujua wazo lilizaliwa saa ngapi,
saa za kazi ama za usiku, kana kwamba Apondi aliliandikia cheti.
Mwenye mtaji, hotelini Milimani, aliuliza kwa upole
kwa nini mtu alipe ili aambiwe ana viti vitupu.
"Kwa sababu asipoambiwa," Apondi akajibu, "atajenga ukumbi mwingine."
Yule bwana akaweka kikombe chini.

Tulitaka programu iitwe Nafasi.
Msajili akasema: Nafasi imeshachukuliwa.
Tulicheka mpaka lifti ikafika, ikafunguka, ikaenda bila sisi.

Mteja wa kwanza: chuo cha ufundi, Nakuru.
Wiki ya pili, simu.
Programu yenu inaukataa ukumbi wetu saa kumi,
ukumbi ni wa zege, jua linawaka, tatizo ni nini?
Apondi alikesha akipekua mistari.
Kulipokucha akaniita, akagusa skrini kwa ncha ya kalamu.
Lilikuwa neno langu, kwa herufi ndogo,
linanyesha Nakuru.

Leo ni kisanduku cha kutia tiki:
Je, paa lenu hupiga kelele?
Vyuo kumi na viwili vimenunua.
Tisa vimetia tiki.

Nami nimebaki na ukuta mweupe wenye matundu ya pini,
sijaruhusu upakwe rangi.
Mke wangu amepiga, anauliza kama nitarudi mapema.
Dirishani mawingu yanajikusanya upande wa Nandi,
na ni saa tisa na dakika arobaini.
Jibu la zamani likanifika ulimini, lote, limeshapangwa.
Nikalimeza.
Nikatafuta mwavuli.