Chini Kidogo

Ijumaa ilikuwa Arusha, ukumbi wa Njiro, saa tatu na nusu za kupiga roki.
Jumamosi palepale; mwenye ukumbi akaongeza saa, hakuongeza pesa.
Leo Jumapili, Moshi, nyuma ya baa ya Kiborloni,
Aikande ananyoosha kidole kooni kama anayemwonyesha mgeni mlango
na kuniambia kwa midomo mitupu:
imeenda.

Amekunywa tangawizi. Amelamba asali ya Siha mpaka kijiko kikang'aa.
Amejifukiza chini ya khanga, khanga ikatota.
Mama wa jikoni amesema chumvi. Mpiga besi amesema konyagi.
Daktari alishasema tangu Mei, tena aliandika:
nyamaza wiki mbili.
Wiki mbili ni kodi ya chumba.

Basi mimi, fundi mitambo, nina kisanduku.
Ukubwa wake kipande cha sabuni ya mche, na taa moja ya kijani.
Nilikinunua mtumba pale Pasua, waya wake umefungwa plasta.
Sauti ikiyumba chini ya noti, kinaidaka kwapani na kuisimamisha,
kama kijana anavyomdaka mjomba mlevi kanisani:
haraka, bila kumtazama usoni.

Yeye hajui. Au anajua.
Hatujalizungumza,
kama watu wa nyumba moja wasivyozungumzia deni.

Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, safi.
Ndelilio anazipiga ngoma kana kwamba zimemwibia.
Gitaa linaunguruma, lori la saruji kwenye mlima wa Himo,
na juu yake sauti ya mwanamke asiye na sauti
inapita imenyooka, imepigwa pasi.

Wa tano ndio wenye pale mahali.
Pale anaposhuka chini kidogo ya noti kwa makusudi, akakaa.
Alipaokota kwenye gitaa lake la kwanza,
lile ambalo kigingi cha tatu kilikuwa hakishiki.
Akashuka.
Kisanduku kikamwinua.
Kilidhani amechoka.
Akashuka tena, zaidi; kikamwinua tena.
Mara ya tatu akanitazama, juu ya vichwa, juu ya moshi wa nyama,
jicho la kumtazama mtu aliyekumalizia sentensi vibaya.

Kisha akakohoa.
Na kikohozi kikatoka spika zote mbili kikiwa ndani ya ufunguo,
kikohozi kinachopanda ngazi, kikohozi cha kwaya.
Meza ya mbele wakacheka. Mpiga besi akacheka.
Mimi pia, Mungu anisamehe, kidogo.

Nikazima.

Nisikudanganye kwamba kilichofuata kilikuwa kizuri.
Ubeti wa pili ulivunjika kama muwa mkavu, nyuzinyuzi zikaonekana.
Noti ya juu hakuifikia; ilikuja pumzi peke yake,
na maiki ikaipokea kama barua isiyo na kitu ndani.
Meza mbili zililipa zikaondoka.
Kijana mmoja wa bodaboda, kofia bado kichwani, alisimama hadi mwisho,
ingawa labda alikuwa anasubiri abiria.

Na ile ya chini kidogo, alipoirudia, ikakaa.
Ilikaa muda mrefu.
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe
na sikujua: huu ni uchovu, au ni kusudi?
Miaka minne namsikiliza kila wiki, na sikujua.

Saa saba usiku tunakunja nyaya.
Mlima umefunikwa; baridi yake tu ndiyo imeshuka mjini.
Aikande anaandika nyuma ya risiti ya bia, maana kusema hawezi:
Umenirekebisha mara ngapi?

Nikanyoosha vidole viwili.
Akasubiri.
Nikaongeza cha tatu, cha nne,
mkono mzima, mikono yote miwili,
nikaifumba,
nikaanza upya.