Tunawapasha Moto Minyoo

Tjark alipokuja kuniomba malisho ya nyuma
alivua kofia kwanza, jambo ambalo hakulifanya
hata siku ya kumzika baba yake.
Alitaka kufukia waya.
Si mmoja, alisema, ni sitini,
zitawanyike kutoka mlingotini kama miguu ya buibui.
Nikamwambia plau yangu ina meno.
Akasema atazilaza chini ya meno.

Sasa mlingoti umesimama, mita ishirini,
na wimbi analolitaka lina kilomita thelathini na sita:
likijinyoosha, kichwa kiko zizini kwangu,
nyayo zimelowa baharini, kupita Norden.
"Unateka bwawa kwa kijiko cha chai," nikamwambia.
Akaandika daftarini: omu mia nane na kumi.

Hilo daftari!
Kila alfajiri nikienda kukamua namkuta kibandani
amechuchumaa kando ya mapipa mawili ya plastiki
aliyoyaviringia waya majira yote ya baridi,
mizunguko elfu nne, akihesabu kwa sauti,
na ole wako umsalimie katikati ya hesabu.
Anapima kilicholiwa na ardhi.
Kilichoruka hakipimiki hapa.
Wati mia mbili zinaingia.
Inayopaa ni wati moja iliyogawanywa mara elfu kumi,
ukabaki na kipande kimoja.
"Na hizo nyingine?"
"Tunawapasha moto minyoo, Gesche."

Nimeishi na udongo huu miaka sitini na moja,
mweusi, laini, kama kahawa iliyosahauliwa jikoni.
Najua unavyokula.
Umekula lango la babu, na bawaba zake.
Umekula trekta hadi kwenye taa.
Una buti langu moja, la kushoto, tangu nilipokuwa mwari.
Haujawahi kuniandikia risiti.
Tjark anataka risiti.

Machi, baada ya mvua: mia saba na tisini.
Aprili, Theda alijikuna kwenye fimbo ya shaba
hadi ikapinda; ng'ombe yule hana adabu:
elfu moja na mia.
Mei, mia tisa, na fimbo imenyooshwa.
"Kuna kitu kinakunywa," akasema,
akautazama mtufaha wangu uliochanua chini ya waya,
utomvu umepanda, kila jani limenyoosha ulimi.
Aliutazama kama mtu mwenye msumeno moyoni.
Nikamwambia, Tjark, wewe ni mgeni wa malisho haya.
Mtufaha ni mwenyeji.

Siku tatu hakuja.
Ya nne alikuja na kamba, akausogeza waya kando,
mia nane arobaini,
akaondoka bila kugusa chai.

Januari ardhi iliganda, na kulikuwa kimya.
Kimya kwetu sisi. Kwenye spika yake
radi za Kongo na za Amazoni zilipasuka
kama mafuta kikaangoni, na chini ya hizo zote
alitaka kupitisha herufi moja, usiku kucha,
hadi Visiwa vya Faroe, ambako mama mmoja, Rannvá,
hukaa mbali na nyaya za umeme
akijumlisha saa juu ya saa, mpaka kelele zichoke.
"Chagua herufi," Tjark akaniambia.
Nikachagua T.
Aliinama, nikaona shingo yake imekuwa nyekundu.
"Ya Theda," nikamwambia.

Saa moja asubuhi simu ililia.
Rannvá aliiona: hafifu, alisema, lakini imesimama,
T, bila shaka, labda I.
Tjark alikaa juu ya pipa akijipangusa miwani
isiyokuwa na uchafu.

Mimi nilikuwa na maziwa ya kuwahi.
Nikakata njia kupitia malishoni, juu ya nyaya sitini,
katikati nikasimama, nikachungulia nyuma kama kibandani hatazami,
nikavua buti, nikavua soksi,
nikakanyaga.

Baridi, hadi kwenye jino.
Minyoo wanadanganywa.