Deni la Tangi Saba

Tumeiacha lami pale plastiki za mashamba ya maua zinapokoma,
mimi na Kwamboka, viatu mkononi, umande mpaka magotini.
Sironka ametangulia na rungu lake na sharti moja:
saa nne tuwe tumerudi. Kiboko hana saa, ila ana desturi.

Hapo ndipo migunga inapoanza,
magome yake ya manjano kama watu
waliokesha wima mbele ya taa.
Mbega wawili wanatuchungulia kwa ndevu zao za kizee;
mmoja anajikuna, mwenzake anahama tawi,
anavuka hewa kama shuka lililong'olewa kambani na upepo.

"Ni hapa nilizaliwa?"
Mbele kidogo, nasema. Nimesema hivyo mara tatu,
maana njia niliyoijua ilipita kwa fundi baiskeli,
ikakata kona kwenye kanisa la mabati,
na sasa kona ni mafunjo,
na fundi ni mdiria juu ya nguzo ya stima isiyo na waya:
anapiga mbizi, anatoka na kitu kinachong'aa.

Ziwa Naivasha halikutujia kwa kishindo.
Lilikuja kama mgeni mwenye haya,
leo chooni, keshokutwa kizingitini.
Tukaliwekea mawe, tukaliwekea magunia ya mchanga.
Usiku mmoja sufuria ikaelea, ikagonga ukuta, ngo, ngo,
nikaitika "karibu"
nikidhani ni mtu.

Tangi Saba ndiyo hii.
Maji yamerudi nyuma, yakaacha ukutani mstari wa tope
ulionyooka kuliko chochote tulichowahi kujenga.
Milango hakuna, ilihama na wenyewe.
Mbarika umeota jikoni kwa akina Ogembo,
na kuro jike anatoka chumba namba kumi na mbili,
taratibu, kama mpangaji asiyedaiwa kodi.

Na hili ni duka la Nasambu, lile la dirisha la nondo.
Ndani, ukutani, orodha yake ya wadeni, kwa mkaa.
Chini ya mstari wa tope hakuna jina:
ziwa limewafutia wote, walevi na waungwana.
Juu tumebaki wawili,
marehemu Barasa, sukari robo,
na mimi: mafuta ya taa, kiberiti, sabuni kipande.
Mia moja na arobaini.

Nasambu alipanda lori na kuku wake ndani ya beseni,
akasema tutaonana. Deni hakulitaja.
Wapo wanaosema yuko Kimilili. Wengine, Turbo.
Namba yake ya simu bado iko juu ya dirisha,
tarakimu mbili za mwisho zimebanduka na plasta.
Najaribu sifuri sifuri. Najaribu sifuri moja.
Anapokea mwanamume wa Voi, mpole,
anasema maishani mwake hajauza mafuta ya taa,
ananitakia siku njema.

Sironka anapiga mluzi.
Kwamboka ameokota kipande cha mkaa kwenye jiko la nani sijui,
anachora kuku sakafuni.
Naomba nimuazime. Napanda juu ya tofali,
naandika jina langu upya,
shubiri tatu juu ya lile la zamani,
ili ziwa likirudi
lisinisamehe.