Ampea Ishirini na Saba

Ulipanda Kadutu migongoni mwa vijana wanne,
furu yangu, ukiwa bado ndani ya karatoni,
wakisimama kila ngazi ya kumi kutema mate na kuapa
kwamba kitu kizito hivi lazima kina maiti.
Nilikuandalia meza. Nilitandika hata kitambaa.
Sikujua kwamba wewe huulizi meza.

Fundi Cishugi alikuja Jumatano, viatu mkononi kwa tope.
Hakukuwasha. Alikugeuza mgongo,
akasoma kibati kidogo polepole
kama mtu anayeuliza jina la ukoo kabla ya posa.
"Kilowati sita," akasema. Akanyamaza.
Halafu akaomba penseli.

Juu ya karatoni: elfu sita, gawanya kwa mia mbili ishirini.
"Ampea ishirini na saba, na vipande.
Mama Nabintu, waya wako uko wapi?"

Nikamwonyesha. Ule utokao kwa Zihindula,
unaopita juu ya bati la kanisa, ukauzunguka mparachichi,
ukaingia dirishani kwangu mwembamba kama kisingizio.
Unabeba balbu tatu, redio, na simu za wapangaji.
Alicheka kidogo, cheko la mtu aliye matangani.
"Huu utachemka kabla ya mkate.
Utanuka usiku, ndani ya ukuta. Na ukuta wako ni mbao."

Mbao.
Sote wawili tukazitazama.
Huku kwetu tunajua jinsi moto unavyopanda mlima,
hauulizi ni nani aliyeunganisha vibaya.

Basi akanisomea mahitaji yako, nami nikasikiliza
kama upande wa bwana harusi unaposomewa mahari:
kabeli ya milimita sita, mita kumi na nane,
kutoka kwenye kaunta (kaunta yako, mama, si ya Zihindula)
hadi jikoni, bila kiungo, bila kupitia kwa mtu;
disjonkteri ya peke yake, ampea thelathini na mbili,
"hata balbu isidandie";
na waya wa kijani na manjano, uende ardhini.

"Ardhi ipi?" nikauliza. Sikuwa natania.
Mlima huu huteleza kila masika.
Mwaka juzi choo cha Zihindula kiliamkia kwangu.
Hapo fundi akacheka cheko zima:
"Hata ardhi inayotembea inameza umeme."
Akapigilia fimbo ya shaba nyuma ya nyumba, nyundo na matusi,
pale ninapomwaga majivu ya babula
miaka kumi na mitano sasa.

Niliuza cherehani.
Shemeji akasema, si kitu, utanunua nyingine.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tulikuwasha saa moja jioni, Kadutu nzima ikipika maharage.
Ulifungua jicho jekundu, ukakaa vuguvugu,
na mikate yangu ya kwanza ikatoka
myeupe kama miguu ya mgonjwa.
Cishugi akachomeka kipimo chake: mia moja hamsini na nane.
Alikuna kichwa.
"Kabeli ni yako, mama. Mto ni wa wote."
Kweli. Ruzizi iko kule chini, inanguruma,
na sisi huku juu, kila mtu na mrija wake mdomoni.

Kwa hiyo naamka saa nane usiku.
Redio zimelala, pasi zimelala,
hata jenereta ya baa pale chini imechoka kubishana.
Kipimo kinasoma mia mbili kumi na tisa
na wewe unawaka hadi kwenye pembe.

Kabla sijaingiza trei ya kwanza
nagusa kabeli kwa kiganja, toka kaunta hadi jikoni,
nilivyokuwa nikigusa paji la mtoto mwenye homa.
Joto kidogo tu. Ya kawaida.
Naondoa mkono.
Unga umeumuka, umeshafika ukingoni mwa beseni.