Mkwaju Mmoja

Saa kumi kasorobo, Mtaa wa Narung'ombe,
feni inazunguka kama imelazimishwa,
na Bi Mwajabu kasimama nyuma ya kiti changu,
mikono inanuka vitunguu vya futari.
"Nitazamie. Duka langu la mtandaoni
limelala upande tangu mwaka juzi."

Kweli limelala.
Sufuria namba moja, mbili, tatu, ziko wima.
Kuanzia ya nne, kila herufi imeinama:
bei ya vijiko, bei ya miko, namba ya simu,
hadi "Karibu tena" chini kabisa,
imeegemea ukingo kama mlevi wa Ijumaa.

Nafungua kule ndani, kwenye msimbo,
ambako mteja hafiki.
Aya imefunguliwa,
ndani yake herufi nene, ndani ya nene mlazo,
kisha nene ikafungwa, aya ikafungwa,
na mlazo, wa ndani kuliko wote,
ukafunguliwa tena mara ya pili.
Mkwaju umesahauliwa. Kijiti kimoja tu.

Namweleza. Ananitazama kama ninayemfundisha kupiga chafya.
"Sasa hilo nalo la kusomea?
Namba moja inaingia kwenye mbili, mbili kwenye tatu.
Ukitaka kuzitoa, unaanza na ya ndani.
Ukiivuta ya katikati zinakwama,
utazigonga mpaka zibonyee, na iliyobonyea nani ananunua?"
Kisha, akifikiri:
"Ila hao wenzenu wanafungua ndipo wafunge.
Sisi mwezi huu tunafunga ndipo tufungue."

Nacheka, nashuka mstari hadi mstari.
Kwenye wa themanini na nane nakuta maneno
yaliyofichwa mashine isiyasome, iyaruke tu:
*mama akiita nakwenda kushusha mzigo,
nitamalizia hapa nikirudi. Hemedi.*

"Umeona nini?"
Namsomea.
Feni inazunguka. Chini, mtu anagombania chenji.
Hemedi yuko Maskati, mwaka wa pili huu,
hupiga simu, hupokea mke wa tajiri wake,
husema amelala.

"Nilimwita kweli," anasema.
"Lori lilikuwa limeziba njia."

Naweka mkwaju. Nautoa mlazo kwanza,
kisha nene, kisha aya,
kila mmoja kwa zamu ya kuingia kwake, kinyumenyume.
Ukurasa unasimama. Vijiko vinasimama.
"Karibu tena" inasimama, kavu, kama askari.

"Na haya maneno yake niyafute? Hayana kazi."

Hajibu. Anafunga mtandio upya,
anautazama ukurasa ulionyooka bila kuuona.
"Yanachukua nafasi?"
"Hapana."
"Basi."

Mita ya Luku inaanza kulia ukutani.
Ananiachia chupa ya maji ya ukwaju kwa magharibi,
kizibo kimekazwa sana,
anateremka ngazi, pole pole,
kisha sauti yake kutoka chini:
"Mstari wa ngapi ulisema?"