Jumamosi ya Kukagua Matairi

Ujumbe ninaotuma ni mfupi:
"Kesho tunakagua matairi. Njoo na sahani."
Wenyewe wanaelewa.
Anayechungulia simu ya mwenzake begani
ataona fundi baiskeli wa Barabara ya Kumi na Nne
anatafuta wateja, basi.

Zamani tulikuwa na ofisi. Feni, viti vya plastiki kumi na viwili,
bango ukutani, vijana wanacheka.
Likaja kufuli.
Viti akanunua muuza mihogo wa Makorora,
na nikienda kula pale mpaka leo
natafuta kile chenye ufa, alichokipenda Kibwana.

Kibwana alificha vidonge ndani ya soksi,
soksi ndani ya kiatu, kiatu uvunguni,
mwisho akajificha na yeye humo humo.
Siku ya kufagia, shemeji yake akatupa
kiatu kimoja kisicho na mwenzake.
Hakuuliza. Naye Kibwana angedai vipi,
kwa maneno gani?
Mazikoni tulisimama nyuma, watu sita.
Wakasema, "Hawa ni wateja wake wa saluni."
Tukaitika.

Siku hizi ni uani, nyuma ya banda langu.
Mbaruku, mpishi wa harusi za wenzake,
ameinjika pilau tangu saa tisa.
Nesi Hidaya anaingia na baiskeli,
kapuni kisamvu juu, vipimo chini,
anapaza sauti majirani wasikie:
"Fundi, breki zinanisumbua!"
Mwaka wa tatu huu, breki hizo hizo.

Leo wako wanane. Mgeni ni mmoja,
Sheuya, katoka Muheza, ndevu za kuhesabika.
Kengele ya baiskeli yake ameing'oa, ameishika,
anasema wezi wa mjini hawaaminiki.
Mkono ukitetemeka, kengele nayo inasema.

Namwambia kama ninavyowaambia wote:
tairi halina aibu.
Unachomoa tyubu, unaijaza upepo,
unaizamisha kwenye karai, unazungusha polepole.
Penye tundu maji yatatoa povu.
Maji hayaulizi ulipita njia ipi,
wala msumari uliuokota usiku wa nani.

Kidole. Tone.
Dakika kumi na tano.
Mbaruku kaacha kukoroga.
Tunasikia redio ya jirani, kuku, na ile kengele.

Semkiwa, mstari mmoja:
akachukua vidonge vya kinga na kondomu mfuko mzima,
akasema ni za kaka yake.
Tulicheka tukazibana midomo kwa viganja.

Sheuya, miwili.

Hakuuliza kama atakufa.
Aliuliza, "Mama atajua?"
Hidaya akavua glavu, taratibu, kidole kwa kidole:
"Mimi mwenyewe jina lako nimeshalisahau."

Nikafungua bati langu la viraka.
Chini ya msasa, chini ya solusheni,
iko chupa yangu. Nikaitikisa.
Mwaka wa tisa, kila saa tatu usiku.
Kirusi kimelala fofofo,
vipimo vya Bombo vinakitafuta havikioni,
na kisichoonekana hakimwambukizi mpenzi.
Sikumdanganya kwamba sikulia.
Nililia mwezi mzima mwaka ule,
pampu mkononi, nikijaza matairi ya watu.

Pilau akasema hataki.
Baadaye akala sahani mbili.

Jumatatu, saa moja asubuhi, kabla ya foleni,
baiskeli mbili kuelekea Bombo.
Yeye mbele.
Cheni yake inalia, imekauka mafuta,
na mimi fundi mzima nilisahau kuitazama.
Kengele ameirudisha mahali pake.
Kwenye kona ya Chumbageni akaipiga, mara mbili,
na njiani hapakuwa na mtu.