Choroko za Muuza Nyama

Miaka ishirini na mitatu nakata nyama hapa Wete,
bucha la pili ukishuka njia ya bandarini,
na hii wiki ya tatu sijaitia kinywani.

Usinitangaze.

Ilianza na kidole gumba cha mguu.
Usiku shuka ilikigusa, shuka tu, ya pamba,
nikapiga ukelele, majirani wakatoka na marungu.
Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho,
akasoma karatasi ya damu, akaniangalia mikono.
"Unafanya kazi gani, Mzee Shaame?"
Nikamwambia.
Akaiweka kalamu chini taratibu,
kama mtu aliyeletewa tanzia.

Siku ya kwanza: muhogo wa kuchemsha, chai kavu ya mchaichai.
Saa nne tumbo likaniita kwa jina la baba yangu.
Nimesimama chini ya mbavu za ng'ombe zilizotundikwa
natafuna karanga kwa siri, moja moja, kutoka mfuko wa aproni.
Mteja kaja: "Hii laini?"
"Wanasema laini."
"Wanasema nani?"

Nyumbani Mize kafunua chungu: changu wa kupaka.
Harufu ya ndimu na pilipili ikanikamata shingo.
Nikala wali na mchicha. Nikanawa.
Hakusema kitu. Usiku akaninusa ndevu.
Siku ya tano hakuweza tena:
"N'ambie tu jina lake. Anakupikia wapi,
Jadida au Mtemani?"
Nikamtolea karatasi. Kizungu hasomi, lakini muhuri anaujua.
Akalia kidogo, akacheka sana,
kisha akaenda kuloweka choroko.

Kumbe mke wangu alikuwa na jiko jingine ndani ya jiko lile.
Kisamvu akakitwanga mpaka kikasalimu amri.
Shelisheli la kuchoma, ganda jeusi, ndani jeupe kama kofia ya Idi.
Mbaazi, majimbi, kunde na matembele,
na tui la pili tu:
kasimile, anasema, tuwaachie wageni.
Samli ya mama yake akaipandisha juu ya kabati,
na kila nikipita naiona inanitazama.

Sisemi uongo. Nimeota paja la mbuzi,
linanijia likitembea peke yake.

Kisha ikawa harusi Gando.
Wanne, sinia moja, na katikati mlima wa nyama,
nyama yangu mwenyewe, niliyoikata alfajiri.
Hata mchele umeoga supu.
Nikabaki na ndizi na kachumbari.
Faki Khatibu akanitazama, akaitazama nyama, akanitazama.
"Huli?"
"Sili."
Hakuuliza sababu. Alikunja mkono wa kanzu.
Harusi iliyofuata watu waligombania kukaa nami.

Maalim Kombo ndiye aliyenivuta kando:
"Shaame, usijiharamishie alichohalalisha Mola."
"Sikukiharamisha, maalim, nimekiacha.
Wewe bamia nani kakuharamishia?"
Akakohoa. Mtaa mzima unajua habari yake na bamia.

Kidole kimenyamaza.
Sijui ni choroko, sijui ni vidonge, sijui ni dua za Mize;
mimi si mtu wa kuvipambanua, mimi nimezoea mfupa na mnofu.
Kesho nitakata tena. Ada za skuli hazilipwi kwa mchicha.

Lakini leo alasiri, nyama imekwisha,
nimeosha gogo, nimeosha mizani kwa ndimu, mara mbili,
kapita mtoto wa Bi Riziki na pakacha la viazi vitamu,
anauza kwa kukisia.
"Weka hapa," nikamwambia.
Mshale ukatetemeka, ukapanda,
ukasimama kwenye kilo mbili na robo.
Nikanunua vyote.

Nzi akaja, akazunguka pakacha,
akazunguka tena,
akaenda zake.